Maradhi ya Akili: Baina ya Udhuru na Kisingizio

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio nguzo za majumba yetu, kuna swali ambalo huulizwa mara kwa mara katika darsa za wanawake. Mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, wakati wengine wamekwisha kuvaa viatu na kuondoka. Mke husema: mume wangu hunitukana mbele ya watoto, na nikimwambia amenidhulumu, hunijibu kwamba ana msongo wa mawazo na kwamba mke mwema humvumilia mgonjwa. Mama husema: mwanangu amefika umri wa miaka ishirini na mbili, huuza vyombo vya nyumbani, akiulizwa husema ana dipresheni. Na wako wanaume nao ambao husema: mke wangu huwapiga watoto kwa ghadhabu na kumdhalilisha mfanyakazi wa nyumbani, kisha husema ndivyo alivyo, kichwa chake hakiko sawa.

Mwisho wa maneno yote hayo swali ni moja: je, mtu akisema akili yake ni mgonjwa, basi haki yangu kwake imekufa?

Swali hili lataka jibu la uadilifu, kwa sababu kosa la upande wowote lina madhara makubwa. Tukisema kila anayelalamikia nafsi yake ni mwongo, tutawaangamiza wagonjwa wa kweli. Na tukisema kila alitajaye neno maradhi hana lawama, tutakuwa tumempa dhalimu silaha na kumnyang'anya aliyedhulumiwa ulimi wake.

Maradhi haya ni ya kweli

Tuanze na lisilo na shaka. Akili na nafsi huugua kama mwili unavyougua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2019 mtu mmoja katika kila wanane duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Hapa kwetu Kenya, jopo lililoundwa na serikali mwaka wa 2019 kuchunguza hali hiyo lilipendekeza katika ripoti yake ya 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Wala jambo hili si geni kwa Waislamu, wala halikuletwa na wazungu kama wadhaniavyo baadhi ya watu. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, alitunga kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Sehemu moja ilihusu tiba ya mwili, na ya pili tiba ya nafsi, akaeleza humo habari za ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Na katika miji ya Kiislamu zilijengwa hospitali zilizopokea wagonjwa wa akili pamoja na wagonjwa wengine. Miongoni mwake ni ile ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka wa 1284, na ile ya Arghun mjini Aleppo, ya mwaka wa 1354.

Hivyo basi, Muislamu anayemcheka mgonjwa wa akili, au anayemwambia mwenye huzuni nzito kwamba dawa yake ni kuongeza imani tu, hakufuata njia ya wazee wake katika dini. Bwana Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tutafute tiba, akatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake.

Kalamu iliyonyanyuliwa

Sharia yetu imelipa suala hili mizani yake tangu mwanzo. Imepokewa katika hadithi mashuhuri ya Bwana Mtume (s.a.w.) kwamba kalamu ya kuandika madhambi imenyanyuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka arudiwe na akili zake. Katika zama za Sayyidna Umar (r.a.) aliletwa mwanamke mwendawazimu aliyefanya kosa, ikaamriwa apewe adhabu. Sayyidna Ali (r.a.) alipomwona akipelekwa, alimrudisha kwa Umar na kumkumbusha hadithi hiyo, naye Umar akaamuru mwanamke yule aachiliwe.

Lakini tazameni pia yaliyotokea kwa Maiz (r.a.) alipomjia Bwana Mtume (s.a.w.) akakiri dhambi kubwa. Mtume hakukimbilia hukumu. Aliuliza kama mtu yule ana wazimu, akawauliza watu wake habari za akili yake, na akauliza kama amekunywa pombe. Katika kisa hiki tunapata mafunzo mawili. La kwanza, udhuru wa maradhi ni jambo la kuulizwa kabla ya mtu kulaumiwa. La pili, udhuru huo huchunguzwa. Hauthibiti kwa kutajwa tu. Wanaomjua mtu huulizwa, na ulevi hutenganishwa na ugonjwa.

Kisha tufahamu kwamba baina ya akili timamu na wazimu kamili kuna daraja nyingi, na wengi wa wagonjwa wetu wako katikati. Aliyekosa fahamu kabisa, asiyejua alitendalo, huyo kalamu imenyanyuliwa kwake. Ama mwenye huzuni nzito, mwenye wasiwasi, mwenye hofu isiyomwacha kulala, mara nyingi anajua asemalo na atendalo, ingawa mzigo wake ni mzito kuliko wa wengine. Huyu sharia humpunguzia kwa kadiri ya kushindwa kwake. Mfano wake ni swala: mgonjwa huswali amesimama, akishindwa hukaa, akishindwa hulala ubavu. Amepunguziwa namna ya kuswali, na swala yenyewe imebaki juu yake. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Na maana ya maneno hayo ni kwamba ule uwezo uliobaki ndio anaoulizwa.

Na ulevi je? Jamhuri ya wanazuoni, wakiwamo wa madhehebu yetu ya Shafi, wamesema kwamba anayeiondoa akili yake kwa makusudi huulizwa kwa anayoyatenda. Sheria ya nchi nayo iko karibu na hapo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 11, humchukulia kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 12 humwondolea jinai yule ambaye maradhi ya akili yalimfanya asijue alitendalo au asijue kwamba hafai kulitenda. Na kifungu cha 13 husema kwamba ulevi kwa kawaida si utetezi. Kwa hiyo kijana anayetafuna muguka usiku kucha au anayevuta bangi, kisha akampiga dadake asubuhi, hawezi kusema ni akili yake tu. Uraibu ni maradhi yanayohitaji tiba, nasi tunapaswa kumsaidia aipate. Lakini dada aliyepigwa ana haki yake.

Sahani iliyovunjika

Kuna kisa kimoja katika Sahihi ya Bukhari ambacho chatosha kuwa msingi wa makala haya. Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa katika nyumba ya mmoja wa wakeze, na mke mwingine akamletea chakula katika sahani. Mwenye nyumba, ambaye wanazuoni wamemtaja kuwa ni Mama wa Waumini Aisha (r.a.), alishikwa na ghera, akaupiga mkono wa mtumishi aliyekileta. Sahani ikaanguka ikavunjika, na chakula kikamwagika.

Bwana Mtume (s.a.w.) alifanya nini? Aliinama akaviokota vipande vya sahani kwa mikono yake, akakikusanya chakula, na akawaambia waliokuwapo kwamba mama yao ameshikwa na ghera. Hakumkemea mbele ya wageni, wala hakumwita mtu mbaya. Aliitaja hali iliyokuwa moyoni mwake, ili watu waelewe na wamstahi.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Alichukua sahani nzima kutoka katika nyumba ile ile na kumpelekea mke ambaye sahani yake imevunjwa, na ile iliyovunjika akaiacha kwa aliyeivunja.

Yazingatieni sana haya, dada zangu na ndugu zangu. Ghera ilieleweka, na sahani ililipwa. Huruma kwa aliyevunja haikula haki ya aliyevunjiwa. Wala malipo hayakuwa sababu ya kumvunjia heshima aliyekosea. Mambo haya mawili, huruma na haki, yalipita katika mlango mmoja na kwa saa moja.

Na mafaqihi wamekwenda katika njia hiyo hiyo. Mtoto mdogo au mwendawazimu akiharibu mali ya mtu, dhambi haiandikwi kwake, lakini mali iliyoharibiwa hulipwa kutokana na mali yake, na walii wake ndiye anayesimamia malipo. Ikiwa hata yule ambaye kalamu imenyanyuliwa kwake hulipiwa sahani aliyoivunja, basi itakuwaje kwa yule ambaye anajua alitendalo na hujitetea kwa jina la ugonjwa?

Hili ndilo jibu letu kwa wale wanaouliza. Maradhi yanaweza kupunguza lawama, na yakizidi yanaweza kuiondoa kabisa. Hayawezi kuifuta haki ya aliyeumizwa. Mume akiwa mgonjwa, mke wake bado ana haki ya kutopigwa. Mama akiwa na huzuni, mtoto bado ana haki ya kulishwa na kulindwa, hata ikiwa atakayemlisha kwa siku hizo ni shangazi au nyanya yake.

Mizani ya kutambua kisingizio

Mtaniuliza, basi tutajuaje? Kujua ugonjwa ni kazi ya daktari, wala si kazi ya jirani, ya mavyaa, au ya sheikh. Hata hivyo, ziko alama ambazo mwenye nyumba anaweza kuzitazama kabla ya kulikubali neno hili kuwa ngao ya kila ovu.

Alama ya kwanza, tazama ghadhabu yake huwaangukia nani. Mtu ambaye kwa tajiri wake kazini ni mpole, barazani ni mcheshi, msikitini ni mnyenyekevu, kisha akivuka kizingiti cha nyumba yake huwa simba kwa mkewe na watoto, huyo ameonyesha kwamba anao uwezo wa kujizuia na kwamba anachagua mahali pa kuutumia. Nasema kwa tahadhari, maana wapo wagonjwa wa kweli ambao hujikaza mchana kutwa mbele ya watu na wakirudi nyumbani huanguka. Lakini kuanguka kwao mara nyingi huwa ni kulia, kunyamaza, kujifungia chumbani. Anayewachagua wanyonge ili awaumize ni jambo lingine.

Alama ya pili, tazama msimamo wake kuhusu tiba. Mgonjwa huchoka na ugonjwa wake. Anaweza kuogopa hospitali, anaweza kuona haya, lakini ndani yake anatamani kupona. Ama yule ambaye hutaja maradhi siku ya kulaumiwa tu, na akiambiwa twende kwa daktari hukasirika na kusema yeye si kichaa, huyo anataka faida ya ugonjwa bila ya uchungu wa dawa.

Alama ya tatu, tazama afanyalo baada ya tufani kupita. Je, huomba radhi? Huona aibu kwa alichokitenda? Huuliza mtoto ameumia wapi? Au husema: ni nyinyi mlioniudhi? Mwenye kutafuta njia ya kulipa sahani ana kheri ndani yake, hata akiwa mgonjwa sana.

Alama ya nne, linganisha alivyo sasa na alivyokuwa. Maradhi humbadilisha mtu: aliyekuwa mkarimu huwa mkali, aliyekuwa mchangamfu hukaa kimya, aliyekuwa msafi huacha kuoga. Mabadiliko kama hayo yanapotokea, na hasa yakitokea kwa ghafla, fanyeni haraka kumpeleka hospitali. Ama mtu ambaye tangu ujana wake alikuwa mwenye kutukana na kudhulumu, na leo amepata jina jipya la tabia ile ile, hilo ni suala la adabu na malezi.

Wala alama moja peke yake si hukumu. Mtu anaweza kuwa mgonjwa wa kweli na pia akawa na tabia mbaya, kama vile mtu anavyoweza kuwa na kisukari na akawa mwongo. Kisukari hakikumfunza uwongo. Na ni haki tuseme wazi kwamba wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu yeyote. Wao ndio hudhuriwa zaidi, kwa kufungwa, kupigwa na kuibiwa mali zao. Kila dhalimu anayejificha nyuma ya jina lao huwazidishia dhana mbaya mbele ya watu.

Jini na hasidi: kisingizio cha zamani

Tusidhani kwamba kisingizio hiki kilizaliwa na maneno mapya ya hospitalini. Pwani yetu ilikuwa na chake kabla ya hapo. Kijana akivunja milango, huambiwa ana jini. Mume akiiacha nyumba yake bila ya masurufu, mamake husema amerogwa na mwanamke wa nje. Mwari akiwatukana wazee wake, huambiwa ni jicho la hasidi. Na kila mara mwenye kosa husimama pembeni, kana kwamba ulimi uliotukana haukuwa wake.

Sisi Waislamu tunaamini kuwapo kwa majini, na tunaamini kwamba jicho ni haki. Kisomo cha Qur'ani ni shifaa, na atakaye kusomewa na asomewe na mtu mwenye elimu na uchamungu. Lakini kuamini ghaibu si ruhusa ya kuikimbia dhamana. Hata Ibilisi, siku ya hukumu, tumefahamishwa katika Surat Ibrahim kwamba atawaambia waliomfuata kuwa hakuwa na mamlaka juu yao, aliwaita tu nao wakaitikia, na kwamba wajilaumu wenyewe.

Basi anayepelekwa kusomewa na apelekwe na kwa daktari pia. Kombe halikatazi kidonge. Na kwa hakika ni hatari kubwa kumwachisha mgonjwa dawa zake kwa sababu mganga amesema ni mashetani. Vivyo hivyo katika Ramadhani: mgonjwa anayetumia dawa za akili asizikate kwa ajili ya saumu kabla ya kuzungumza na daktari wake. Nyakati za kumeza zikiweza kupangwa baina ya kufuturu na daku, ni vizuri. Zisipowezekana, mgonjwa ana ruhusa yake katika Qur'ani.

Wale wasiosadikiwa

Sasa tugeukie upande wa pili, kwa maana dhulma ya upande huu ni kubwa vilevile. Tunapoogopa sana kudanganywa, anayeumia zaidi ni mgonjwa asiyekuwa na kelele.

Mtazameni mama aliyejifungua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mwanamke mmoja katika kila watano hupatwa na tatizo la afya ya akili baada ya kuzaa, na lililo kubwa ni huzuni nzito. Katika majumba yetu mzazi huyu hukandwa maji ya moto, hupewa uji wa pilipili manga, na wageni huja kumpa hongera. Anapolia bila ya sababu, anapoona uzito kumshika mwanawe, anapokaa macho hata mtoto akiwa amelala, huambiwa anadeka. Mavyaa humwambia: sisi tulizaa tisa na hatukuwa na mambo haya. Mume husema ni uvivu.

Huyu hakumtukana mtu wala hakuvunja sahani ya mtu. Amepunguza kazi na tabasamu tu, na kwa hayo amehukumiwa. Hali yake ikizidi, anaweza kufikiri kujidhuru au kumdhuru mtoto. Hapo pasiwe na kungoja arubaini iishe: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.

Ajabu ni kwamba mara nyingi nyumba ile ile inayomwita mama huyu mvivu ndiyo inayomwita mumewe mgonjwa anapompiga. Mwanamume mwenye kelele husadikiwa, na mwanamke mwenye machozi huambiwa asubiri. Hiyo ni mizani iliyopinda, na Mwenyezi Mungu ametuonya dhidi ya wanaopunja vipimo.

Mkumbukeni mwanamke wa Madina ambaye, kama ilivyopokewa kwa Anas (r.a.) katika Sahihi ya Muslim, akilini mwake mlikuwa na kitu. Alimwambia Bwana Mtume (s.a.w.) kwamba ana haja naye. Mtume hakumkwepa. Alimwambia achague njia yoyote aitakayo ili amsikilize, akasimama naye kando mpaka akamaliza haja yake. Kiongozi wa umma mzima alipata wakati wa kumsikiliza. Mume hakosi nusu saa ya kumsikiliza mkewe.

Nyumba ifanye nini?

Kwanza, usalama hutangulia. Kanuni kubwa ya sharia yetu ni kwamba madhara huondolewa. Mke anayepigwa, awe mumewe ni mgonjwa au ni mzima, halazimiki kukaa chini ya mkono huo kwa jina la subira. Na ajitenge na watoto wake, aende kwa walii wake au kwa jamaa anayeaminika, kisha kutoka huko amsaidie mumewe kupata tiba ikiwa anaitaka. Subira ni kuubeba mtihani pamoja na mgonjwa, kumpikia, kumwombea dua, kumpeleka kliniki, kuzivumilia siku zake za kimya. Kuuweka uso wako mbele ya kofi hakumponyi mtu yeyote.

Sheria ya nchi iko pamoja naye. Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka wa 2015 inatambua kwamba dhuluma si kipigo pekee. Mateso ya nafsi, vitisho na kunyimwa matumizi pia vimo. Nambari ya simu 1195 hupigwa bila malipo na walio katika hatari ya dhuluma.

Pili, tiba itafutwe mapema. Hospitali za serikali zina huduma hizi, na katika Pwani yetu kitengo cha maradhi ya akili kiko Port Reitz, Mombasa. Wazee wetu wamesema, mficha maradhi kilio humfichua. Familia nyingi huficha kwa kuchelea kwamba binti zao hawataposwa, na maradhi yaliyokuwa madogo huota mizizi. Na anayeposa ana haki ya kuelezwa. Katika madhehebu ya Shafi wazimu ni miongoni mwa aibu ambazo humpa mume au mke hiari ya kuvunja ndoa, na kulificha jambo kama hilo ni khiyana.

Tatu, mambo ya talaka yapelekwe kwa wenye elimu. Wengi huja wakisema: nilitamka nikiwa na ghadhabu, akili yangu haikuwapo. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka wa 751 Hijria, aliigawa ghadhabu daraja tatu: ya mwanzo, ambayo mtu anajua asemalo na talaka yake hupita, ya mwisho, ambayo mtu hajui kabisa alitamkalo na talaka yake haipiti, na ya katikati, ambayo wanazuoni wamekhitilafiana. Mtu asijitolee fatwa mwenyewe kwa daraja impendezayo. Aende kwa Kadhi, aulizwe, na mke naye asikilizwe. Hiyo ni kazi ya Mahakama za Kadhi, zilizotajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba yetu ya 2010.

Nne, mgonjwa awekewe mipaka kwa upole. Aambiwe wakati ametulia, wala si katikati ya ghadhabu: tunakupenda, tutakuuguza, lakini hatutakubali utukane watoto, ukiona hasira inakuja, toka nje, tia udhu, keti. Hayo ndiyo mafunzo ya Bwana Mtume (s.a.w.), kwamba aliyekasirika hali amesimama akae, na isipomwondoka alale. Anayewekewa mipaka na watu wampendao huona kwamba bado wanamhesabu kuwa ni mtu, mwenye heshima na mwenye kuulizwa. Na anayeachiwa kila kitu huona wamekwisha kumkatia tamaa.

Neno kwa mgonjwa mwenyewe

Nawe ndugu yangu, nawe dada yangu, unayesoma haya nawe unaijua tabu iliyomo kifuani mwako: maneno haya hayakukusudia kukuongezea mzigo. Maradhi yako si aibu wala si adhabu. Yule mwanamke aliyekuwa na kifafa, alipopewa hiari baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, alichagua kusubiri. Akaomba jambo moja tu, aombewe asikashifike mwili wake pindi anapoanguka. Hata katika ugonjwa wake alikuwa na jambo analolilinda. Nawe linda jambo lako. Siku ambayo huwezi kuzungumza, sema siwezi. Ukimjeruhi mtu kwa ulimi, mwambie nisamehe. Ukivunja sahani ya mtu, nunua nyingine. Utaona kwamba kulipa huko nako ni sehemu ya kupona, kwa kuwa humrudishia mtu usultani wa nafsi yake.

Ama mwenye kulitumia jina la maradhi hali anajua moyoni kwamba si mgonjwa, huyo hakuna daktari wala Kadhi anayeweza kulifungua kifua chake. Katika Surat Al-Qiyama, aya ya 14 na ya 15, tumeelezwa kwamba mwanadamu ni shahidi juu ya nafsi yake mwenyewe, hata akitoa nyudhuru zake zote. Anaweza kumnyamazisha mkewe, anaweza kuwashinda wakwe na wazee wa mtaa kwa maneno. Shahidi huyo hatamnyamazisha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, awalinde wanaodhulumiwa majumbani, na atujaalie kuwa wenye huruma isiyopoteza haki, na haki isiyokosa huruma. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Wabillahi tawfiq.